Jumamosi za Mto Rwampiri

Kabera aliisoma karatasi ile mara ya tatu, na mara ya tatu ikamkera vilevile.

Ilikuwa ukurasa wa arobaini na moja wa ripoti ya tathmini ya mazingira, ile iliyoandikwa ili wakopeshaji wa Ulaya wakubali kukarabati bwawa la umeme la Rwampiri. Ukurasa mzima ulikuwa jedwali. Tarehe, kina cha mto chini ya bwawa saa moja asubuhi, kina saa kumi na moja jioni. Jina la msomaji wa kipimo lilikuwa juu kabisa: Salvator. Mbele ya tarehe 22 Agosti 1992 paliandikwa sentimita sitini na nne asubuhi, sitini na nne jioni.

Maji ya kupita goti kidogo tu. Na siku hiyo, katika mto huo, mtaalamu wa maji wa mradi huo aliyeitwa Silvère, mtu mzima mwenye kilo themanini, alikufa maji.

Jalada lilieleza hivi. Maji ya goti hayamuui mtu mzima, kwa hiyo kuna mtu aliyemkandamiza. Kwa ushahidi wa jedwali, aliyekuwa mtoni siku hiyo asubuhi na jioni ni Salvator. Kwa hiyo ni Salvator. Jalada fupi, limenyooka kama rula. Kabera alikuwa inspekta wa upelelezi hapa Kigali kwa miaka kumi na tisa, na majalada yaliyonyooka hivyo hayakuwahi kumpa usingizi mzuri.

Kibali cha kumshikilia Salvator kilikuwa kinaisha kesho, Ijumaa, saa kumi jioni. Mkubwa wake, mwendesha mashtaka Habimana, alikwisha kuandaa fomu ya kuongeza muda na kumpeleka mtu huyo gereza kuu. Watu walioingia gereza kuu mwaka ule kwa jalada la mauaji walikaa miaka wakisubiri kuitwa. Fomu ilikosa saini moja tu, ya mpelelezi.

Mlango uligongwa. Mwanamke mwenye kitenge cheusi aliingia bila kungoja kuitikiwa. Kabera alimfahamu kutoka siku ya maziko. Alikuwa Mukamana, mjane wa Silvère.

"Huyo mliyemfungia hana kosa," alisema. "Mume wangu ameuawa na mwanamke."

"Ameuawa na maji, mama."

"Basi hayo maji yalivaa gauni. Soma."

Akatupa kikaratasi mezani. Kiliandikwa kwa penseli: Shami, fundi, Rwezamenyo. Silvère. Mita tatu. Sita, mbili bado.

"Nimekitoa kwenye mfuko wa suruali yake ya kanisani," Mukamana alisema. "Mita tatu ni gauni la mtu mnene. Mimi kwa miaka minane hajanishonea hata kitambaa cha kufutia jasho. Na hiyo sita ni nini? Wanawake sita?"

"Kwa nini hukuniletea wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita matanga hayajaondolewa. Utamtafutaje hawara wa marehemu na watu bado wamekaa uani?"

Kabera alikiweka kikaratasi ndani ya jalada, kisha akakitoa tena, akakitia mfukoni.

"Ukimwona," Mukamana alisema akiwa mlangoni, "mwambie anirudishie mume. Hata hivyo alivyo."

*

Kutoka mjini hadi Rwezamenyo Kabera alitembea kwa miguu. Askari wawili wa kizuizi walimwomba kitambulisho mara mbili katika barabara moja, kwa sababu vita vya kaskazini vilikuwa vimewafanya askari wote waanze kupenda karatasi.

Shami alikuwa barazani, nyuma ya cherehani, kofia ya darizi kichwani, pini mdomoni. Alimwona Kabera akiwa bado mbali.

"Afande Kabera! Suruali ni ile ile ya mwaka wa themanini na tisa? Ilete hapa tuizike kwa heshima."

"Iko nzima."

"Iko nzima mbele. Nyuma wewe huioni, sisi ndio tunaiona."

Kabera alikaa kwenye benchi, akampa kikaratasi. Shami alikisoma. Pini zikatoka mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake.

"Silvère. Mungu amrehemu. Alikuwa na deni la maneno na mimi, tulikuwa hatujamaliza kubishana."

"Gauni lilikuwa la nani?"

"Gauni gani?"

"Mita tatu."

Shami alicheka mpaka jirani yake muuza mkaa akauliza kuna nini. Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akashusha vitu viwili vyeupe. Ilikuwa mifuko, mirefu kama mkono wa mtu, myembamba kama mguu wa suruali, ya kitambaa kizito cha amerikani, na mdomoni ina kamba ya kukazia. Kila mmoja ulikuwa na tarehe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Mmoja 29/8. Mwingine 5/9.

"Hili ndilo gauni," Shami alisema. "Mifuko ya matope. Maji yatoke, tope libaki. Mimi nikamwambia, bwana, hapa nashona kanzu na suti za harusi, wewe unaniletea matope? Akasema, Shami, hii ndiyo nguo kubwa kuliko zote utakazoshona. Muongo yule! Lakini nilishona."

"Kwa nini tarehe ishonwe? Kalamu hakuwa nayo?"

"Wino maji yanaondoa. Na hakutaka mtu aje kubadilisha tarehe. Alisema ofisini kwao wino unabadilika sana."

Kabera aliugeuza mfuko. Mishono ilikuwa ya karibu karibu, imara.

"Ilikuwa sita?"

"Sita. Tarehe moja Agosti, nane, kumi na tano, ishirini na mbili. Hizo alichukua. Hizi mbili zimebaki."

"Unazikumbuka bila kuandika?"

"Nitazisahau vipi, na zilikuwa zinanisumbua ibada? Kila mara anakuja Ijumaa mchana. Mimi natoka msikitini, kiatu kimoja bado kiko mkononi, yeye ameshasimama hapa: Shami, wa kesho uko tayari? Nikamwambia chagua siku nyingine. Akasema tarehe si yeye anachagua, ni watu wa bwawa ndio wanachagua. Hesabu mwenyewe. Zote ni kesho ya Ijumaa."

Ukutani kwa Shami palikuwa na kalenda ya duka la vitambaa, Ijumaa zote zimezungushiwa duara. Kabera alisimama, akaweka kidole kwenye duara la kwanza la Agosti, kisha akakisogeza kisanduku kimoja kulia. Akashuka wiki hadi wiki, akafunua karatasi ya Septemba. Jumamosi sita. Keshokutwa ilikuwa ya sita.

Alibaki amesimama pale. Mvua ya mwisho ilinyesha mwanzoni mwa Juni. Agosti mito yote ya nchi ni myembamba na maji yake ni maangavu, unaona hadi kokoto. Mtu anayetaka kuchota tope mtoni mwezi wa nane amechagua mwezi mbaya. Isipokuwa kama anajua kuna tope linakuja bila mvua, na linakuja kwa siku yake.

"Gauni hilo unalichukua?" Shami aliuliza.

"Nalichukua. Utakuja kusema haya mbele ya hakimu?"

"Nitakuja. Lakini si Ijumaa mchana."

*

Salvator alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, na baada ya siku nne mahabusu bado alikuwa amefunga kifungo cha juu cha shati. Kabera aliagiza aletwe kwenye chumba cha mahojiano, akampa kiti.

"Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Tangu saa tatu asubuhi mpaka jioni. Nimeshasema. Aliyeandika alicheka."

"Jalada linasema wewe ni Msabato, na Wasabato wenzako watakutetea kwa uongo."

"Kwa hiyo watu mia mbili ni waongo, na karatasi moja ndiyo mkweli. Sawa."

"Jumamosi nani anakusomea kipimo?"

"Hakuna mtu."

"Unaandika nini?"

"Siandiki. Nafasi ya Jumamosi inabaki tupu. Miaka kumi na moja, Bwana Inspekta. Fomu zangu zina mapengo kama kinywa cha mzee. Wazungu wa kwanza walilalamika, nikawaambia mtafute mtu mwingine wa Jumamosi, hawakutafuta. Wakazoea."

Kabera alimwekea ukurasa wa arobaini na moja mbele yake. Salvator aliusoma kwa kidole, mstari baada ya mstari, bila haraka. Kidole kilisimama tarehe moja Agosti. Kikasimama nane. Kikasimama kumi na tano.

"Hizi si zangu."

"Zingine?"

"Zingine ni zangu. Hizi mtu amechukua namba ya Ijumaa na ya Jumapili, akaweka ya katikati. Ni mtu wa ofisini huyu. Hata mto haujui."

"Fomu zako za asili ziko wapi?"

"Kila Jumapili nampa dereva wa mradi. Sibaki na nakala."

Kabera alisogeza kiti karibu. Swali lililofuata alikuwa amelibeba tangu Rwezamenyo.

"Jumapili asubuhi ukifika mtoni, unakuta nini?"

Salvator alifungua kifungo cha shati, akakifunga tena.

"Ule ubao wa namba uliosimikwa majini," alisema, "tangu mwezi wa saba kila Jumapili naukuta umepakwa tope jeusi. Linanuka kama choo cha ng'ombe. Nafuta na kitambaa nipate kuona namba. Tope linafika mia na tisini."

"Sentimita mia na tisini? Kimo cha mtu?"

"Kimo cha mtu mrefu. Na maji yenyewe nayakuta yameshashuka, yako sitini na kitu, yametulia kama hayajafanya lolote."

"Mlango wa chini wa bwawa."

"Hakuna kitu kingine kinachoweza. Wanaufungua Jumamosi, bwawa linatapika, wanafunga. Mtama wa bondeni umekufa. Samaki nimeokota kwa mikono."

"Na Jumamosi, kwa sababu siku hiyo wewe hupo."

"Wote pale bwawani wananijua. Wanajua saa ninayotoka nyumbani na biblia."

"Mbona hukuliandika tope kwenye fomu?"

"Mimi naandika maji. Fomu haina nafasi ya tope, na hakuna aliyeniuliza. Silvère peke yake ndiye aliniuliza. Alikuwa anaandika ile tathmini, akataka kujua bwawa limejaa tope kiasi gani na litakwenda wapi. Mara tatu alichota akiwa ukingoni. Ya nne akasema atasimama kwenye ubao, asome maji yanapopanda, apate namba." Salvator aliuinua uso. "Nilimwambia mimi. Nilimwambia, njoo Jumamosi utaona. Hilo andika. Hilo ni kosa langu."

Kabera hakuliandika.

*

Ofisi ya Mradi wa Rwampiri ilikuwa ghorofa ya pili, mjini, na zulia lake lilikuwa jipya. Mkurugenzi Bayingana alisoma uhandisi Ubelgiji na alipenda watu wajue. Alimpokea Kabera kwa mikono miwili.

"Inspekta, mon cher, rafiki yangu! Umekuja kutufungia jalada lile la huzuni?"

"Nimekuja kujifunza. Mimi shule niliacha darasa la sita. Nieleze ukurasa wa arobaini na moja."

Bayingana alimweleza, kwa ramani na fimbo. Maji yanapimwa kila siku. Kutokana na hayo tathmini inaonyesha mto uko sawa, na tope la bwawani ni dogo, na hakuna haja ya kumhamisha mtu yeyote bondeni. Wataalamu wa wakopeshaji wangefika Jumanne, wapime tope wenyewe, waweke saini. Mitambo mipya ingeanza kuingia kabla ya mwaka kwisha.

"Yanapimwa kila siku?" Kabera aliuliza.

"Kila siku. Mto haupumziki."

"Jumamosi pia?"

"Hata Noeli."

"Naomba kuziona fomu za Agosti."

"Zimekwenda Ulaya pamoja na viambatisho."

"Za asili?"

"Za asili."

"Shida iko hapo," Kabera alisema. "Salvator ni Msabato. Siku ya Jumamosi hagusi kalamu. Ninao watu mia mbili waliokaa naye benchi moja. Kwa hiyo mmoja kati ya hawa wawili amesema uongo: yeye, au ukurasa wako. Kama ukurasa ni wa kweli, yeye ni muuaji. Kama yeye ni mkweli, wageni wako wa Jumanne wanasoma namba za kubuni."

Hakutaja tope. Hakutaja mifuko. Hakuuliza neno lolote juu ya mlango wa chini.

Bayingana aliirudisha fimbo pembeni ya ramani, akaisimamisha vizuri. Aliporudi kukaa, ile mon cher ilikuwa imeondoka usoni.

"Kuna njia ya tatu," alisema. Akavuta karatasi, akaandika mwenyewe kwa mkono, mistari sita, akaisukuma mezani. "Salvator akiri kwamba alisoma kipimo asubuhi na jioni, kama jedwali linavyosema. Mchana hakuwepo. Mchana Silvère akateleza, akagonga jiwe. Ajali. Ukurasa unabaki, mtu wako anatoka leo, jalada linafungwa. Kila mtu anakwenda nyumbani."

"Silvère je?"

"Silvère ameshafika."

Kabera aliikunja karatasi.

"Utampelekea?" Bayingana aliuliza.

"Ni haki yake kuisoma. Anayefungwa ni yeye."

"Wewe mtu wa akili. Nchi iko vitani, Inspekta. Hospitali inataka umeme, kambi inataka umeme. Siku hizi anayezuia umeme wanamwita icyitso. Unajua mshirika wa adui anafanywa nini. Mimi singependa kusikia jina lako limeingia kwenye orodha hiyo kwa sababu ya kuhesabu Jumamosi."

"Orodha hiyo nani anaiandika?"

"Watu."

"Waambie jina langu lina K mwanzoni. Wasije wakamchukua mwingine."

*

Ijumaa saa tisa na nusu Salvator aliletwa ofisini kwa Habimana. Mwendesha mashtaka alikuwa na fomu ya kuongeza muda upande wa kushoto, na maelezo ya Bayingana upande wa kulia, na kalamu katikati. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake.

"Mzee Salvator," alisema Habimana kwa upole, "leo una bahati. Soma, weka saini, ukale chakula cha jioni na watoto."

Salvator alisoma kwa kidole. Kabera alikaa kando, akimtazama. Moyoni alikuwa ameshakubali kwamba mtu huyu atasaini, na hangemlaumu.

Salvator aliirudisha karatasi mezani, akainyoosha kona iliyojikunja.

"Hii inasema nilifanya kazi siku ya Sabato."

"Inasema pia urudi nyumbani."

"Nimeyaelewa yote mawili."

"Mungu hasomi majalada ya Kigali, mzee. Ataelewa."

"Sijamtaja Mungu. Nimeitaja namba. Miaka kumi na moja sijaandika namba nisiyoiona kwa macho. Leo mnataka niziandike za Jumamosi zote kwa mkupuo." Aliiweka mikono yake magotini. "Nikisaini hapa, watu wa bondeni hawajaharibiwa kitu, na Silvère alikufa kwenye maji ya goti kama mlevi. Ana mke. Sisaini."

"Unajua gereza kuu lilivyo?"

"Nina shemeji aliyetoka huko. Alitoka amebebwa."

Habimana aliacha kumtazama. Akaigeuza fomu ya kushoto, akaisukuma kwa Kabera, na kalamu juu yake.

"Basi. Saini, tumalize. Imebaki robo saa."

Kabera aliichukua kalamu, akaitazama ina wino kiasi gani, akairudisha.

"Na mimi sisaini."

"Umesemaje?"

"Ushahidi pekee uliomweka mtoni ni ukurasa ule. Ukurasa ni wa kubuni. Nimeandika hivyo kwenye jalada asubuhi, na nimetia maelezo ya viongozi watatu wa kanisa na ya fundi cherehani mmoja. Sina sababu ya kumshikilia."

"Sikukuomba sababu. Nimekuomba saini."

"Ndiyo hiyo nimekunyima."

Habimana alisimama. Alikuwa mtu mrefu, na aliposimama ofisi ilipungua.

"Kabera, mimi nitakupeleka Kanombe, ukafungue masanduku ya abiria uwanja wa ndege mpaka ustaafu."

"Kule kuna hewa nzuri."

"Naweza kumpa inspekta mwingine jalada hili sasa hivi!"

"Unaweza. Andika sababu ya kuniondoa, uitie tarehe na saa, na unipe nakala. Hakimu ataiuliza." Kabera aliitazama saa ya ukutani. "Ukiandika haraka utawahi."

Habimana alikishika kitasa cha droo, akakiachia. Nje mlinzi alikuwa akimfukuza mbuzi kwenye maua. Mkono mrefu wa saa ulipanda taratibu hadi juu, ukafika kumi na mbili.

"Ni saa kumi," Kabera alisema. "Kibali kimekufa. Mzee Salvator, inuka."

"Jumatatu," Habimana alisema. Sauti yake haikuwa ya upole tena. "Jumatatu asubuhi barua yako ya uhamisho itakuwa mezani kwako."

"Jumatatu nitaisoma. Leo ni Ijumaa."

Kwenye dawati la mlinzi, Kabera alimrudishia Salvator mkanda, kamba za viatu na biblia, akamsainisha kitabu cha kutoka. Walisimama uani, upande wenye kivuli. Salvator aliinama kufunga viatu.

"Wataalamu wa Ulaya wanakuja Jumanne kupima tope," Kabera alisema. "Bwawa lazima lionekane jepesi. Bayingana ana Jumamosi moja tu iliyobaki, nayo ni kesho. Anadhani mimi nahangaika na jedwali tu. Nimeandika hati ya kukagua eneo, nimepata askari wawili na mtu wa kamera. Nataka uje usimame nami mtoni, unionyeshe."

"Kesho siji."

"Mimi nimekutoa sasa hivi, mzee. Dakika tano hazijapita."

"Nakushukuru sana. Kesho siji."

Kabera alicheka, kicheko kifupi kikavu. Mtu huyu alikuwa amemkatalia mwendesha mashtaka kwa gereza zima. Haikuwa busara kutegemea amkubalie inspekta kwa asante.

"Basi nifundishe," alisema. "Jua halijazama. Nifundishe kuusoma huo ubao."

Salvator alilitazama jua, akapima. Akaokota kipande cha tofali, akaenda kwenye ukuta wa ua, akachora ubao kutoka kwenye kifundo cha mguu wake mpaka juu ya kichwa cha Kabera. Akaugawa kwa mistari mifupi, na kila kumi akaweka mstari mrefu.

"Usisome kileleni mwa wimbi. Subiri lipite, soma pale maji yanapotulia. Kichwa kishuke, jicho liwe sawa na maji, usisome umesimama. Hapa ni sitini na nne. Soma hapa."

"Themanini na mbili."

"Themanini na moja. Inama."

Kabera aliinama. "Themanini na moja."

"Hapa?"

"Mia na kumi."

"Ndiyo. Na usisimame mbele ya ubao. Simama kulia, kuna jiwe kubwa na nyuma yake njia ya kupandia. Utasikia harufu kwanza, kabla ya kuona kitu. Ile harufu niliyokuambia."

"Nikiisikia, nitakuwa na muda gani? Nataka namba ya juu kabisa. Hakimu atataka namba."

Salvator alikitupa kipande cha tofali, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Ukiisikia, panda. Usingoje namba. Silvère alingoja namba."

Akachukua biblia yake, akatoka getini kwa hatua za haraka kuelekea kituo cha mabasi, kwa sababu jua lilikuwa limebakiza saa moja na nusu na nyumbani kwake kulikuwa mbali. Kabera alibaki peke yake mbele ya ukuta. Alizisoma namba kutoka chini kwenda juu, akainama, akazisoma tena, mpaka alipoweza kuzitaja zote akiwa ameupa ukuta mgongo.